“Tumletee mama uma?”

Maneno hayo matatu yamenikaa kooni wiki nzima. Kijana wa watu, mhudumu wa mgahawa, aliyasema kwa upole kabisa, ameinama, mikono nyuma, kama anayeleta taarifa ya msiba. Na hakumuuliza mama. Aliniuliza mimi, mama akiwa pale pale, mbele ya pua yake, anatafuna.

Mama amekuja Dar kwa ajili ya macho. Ni mtu wa Jambiani, Unguja. Akivuka na boti hukaa wiki mbili akilalamikia joto letu na maji yetu ya bomba, kisha anarudi kwake. Wajukuu wakaamua Jumapili bibi atolewe. Na siku hizi ukimwambia mtoto wa mjini “leo tunatoka”, haulizi ufukwe gani, anauliza moli ipi. Binti yangu mwenye miaka 11 ndiye aliyechagua: Kijapani. Kisa, kuna mwenzake darasani alikwenda akapigwa picha ameshika vijiti. Baba yao akaitikia “sawa” kwa sauti ya mtu anayehesabu hela kichwani.

Ghorofa ya pili, kiyoyozi cha kugandisha samaki, taa hafifu, kifilimbi kinalia kwa mbali. Watu wananong’ona. Sijui nani alitudanganya kwamba Wajapani hula wakiwa wamefiwa. Meza ya jirani kulikuwa na familia ya watu wanne, na baba mwenye nyumba alikuwa anamfukuza kamba kwenye sahani kwa vijiti. Kamba amekaangwa, amekufa, na bado alikuwa anamshinda mbio.

Kwanza vikaja vitaulo vya moto, vimeviringishwa kama chapati za maji. Mama akafurahi. Akajifuta kidole kwa kidole, mpaka kwenye kucha. “Hawa watu wana adabu,” akasema, “wanajua mtu hali bila kunawa.” Sahani ilipofika akasoma bismillahi, akachukua nigiri ya jodari kwa vidole vitatu, akaitia mdomoni nzima. Hapo ndipo uma ulipotajwa.

Sasa nina habari kwa yule kijana, kwa bosi aliyemfundisha kazi, na kwa yule dada wa meza ya jirani aliyemgusa mumewe kwa kiwiko ili atazame. Katika ukumbi mzima, aliyekuwa anakula nigiri inavyoliwa ni mama yangu peke yake.

Nigiri huliwa kwa mkono. Vijiti vinaruhusiwa, hakuna anayekukataza, lakini mkono ndio wenyewe. Jina lenyewe linatokana na kitendo cha kukamata kitu na kukifinya kiganjani. Kwa Kiswahili chetu tunaliita tonge. Ni tonge la wali limelaliwa na kipande cha samaki, basi, hakuna fumbo. Lilipata umaarufu Edo, mji ambao leo ni Tokyo, miaka ya 1820, na anayetajwa zaidi ni mpishi mmoja aitwaye Hanaya Yohei. Wateja walikuwa watu wa mjini wenye njaa na haraka: unasimama kwenye kibanda, unachovya, unameza, unakwenda zako kazini. Kama vijana wetu wanavyosimama kwenye meza ya pweza jioni, wanachoma kipande kwa kijiti, wanakigusisha pilipili, wanamalizia na kikombe cha supu. Hakuna taa hafifu. Hakuna kifilimbi.

Na kile kitaulo cha moto walidhani ni cha nini? Cha kukandia goti? Mnampa mtu kitu cha kusafishia mikono, kisha anaitumia mikono, mnashtuka!

Hapa ndipo ninapokasirika kweli kweli. Tunakwenda kwenye majumba haya na wazee wetu na watoto wetu, tunalipa, na tunachouziwa pamoja na chakula ni woga wa kuonekana washamba. Ustaarabu wa Mjapani umeletwa nusu: ule wa kutisha umeletwa, ule wa kukaribisha watu umeachwa uwanja wa ndege. Kwa sababu kwao, familia kwenda kula kwenye jumba la maduka ni jambo la zamani na la furaha. Duka la Mitsukoshi, pale Nihonbashi mjini Tokyo, lilianza mwaka 1930 kuuza sahani maalumu ya watoto: kilima cha wali na kibendera kidogo kimechomekwa kileleni. Kibendera! Mwaka 1958 huko Osaka, Yoshiaki Shiraishi akafungua mgahawa ambao sushi, yaani nigiri na ndugu zake, inazunguka yenyewe kwenye mkanda mbele ya wateja, kila mtu anajichukulia sahani yake. Hadi leo familia za Kijapani zenye kipato cha kawaida hujazana kwenye migahawa ya namna hiyo, watoto wanarundika sahani na kushindana nani ana mnara mrefu. Kwetu, mwanangu wa miaka 6 alicheka mara moja tu, meza tatu zikageuka.

Alicheka kwa sababu aliona vitumbua kwenye menyu. Takoyaki, vinaitwa, ndani vina pweza, na hupikwa kwenye chuma chenye vishimo kile kile, vinageuzwa kwa kijiti vile vile. “Bibi, vitumbua vyako!” Bibi akavaa miwani, akaitazama picha, akasema vimezidishwa moto.

Haya, nitoe haki kidogo. Samaki alikuwa safi, jodari yule sijamla mfano wake. Mhudumu alipoulizwa kuhusu pombe hakutudanganya. Alisema wazi kwamba mchuzi wa teriyaki una mirin, ambayo ni divai tamu ya mchele, akatuondolea. Vijiti navyo havina ubaya, jaribu kula udoni, zile tambi nene, bila hivyo. Nimemaliza kutoa haki.

Halafu kuna tempura, samaki na mboga za kuchovya kwenye rojo la unga na kukaanga, waliyotuletea kama vile wamebeba taji. Upishi ule Wajapani waliuchukua kwa Wareno, waliofika kwao mwaka 1543. Ni Wareno hao hao walioipora Kilwa na kuichoma moto Mombasa mwaka 1505. Kule waliacha mapishi. Kwetu waliacha ngome na neno “meza”. Mgawo huo nitaulalamikia siku nyingine.

Mama yeye alishughulishwa na maki, vile vipande vya wali vilivyoviringishiwa kitu cheusi. Alifungua kimoja taratibu, akatenga wali upande, akabaki na kile kipande cheusi kati ya vidole. Akakinusa. “Mwani huu.” Hakuwa anauliza. Akakikunjua kwenye mwanga, akakivuta kidogo. “Lakini si wetu. Wetu mnene.”

Na kweli si wao, ni aina nyingine kabisa. Lakini mwanamke huyu yumo kwenye mwani tangu miaka ya tisini mwanzoni, kilimo hicho kilipokuwa kigeni bado. Kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989. Maji ya bamvua yakikupwa anatoka na wenzake, vigingi kichwani, wanainama saa nzima kufunga mche mmoja mmoja kwenye kamba. Walikuwa na kotoni, aina ya mwani yenye bei nzuri, bahari ikazidi joto ikawa inaozea kambani. Sasa ni aina nyingine, spinosamu. Wanaanika, wanajaza magunia, mnunuzi anapima, yanapanda meli. Huko yanakokwenda hutolewa kitu cha kuzitia uzito dawa ya meno na aiskrimu. Pengine ile aiskrimu ya kijani aliyokula mwanangu ilikuwa na jasho la bibi yake ndani. Mtu huyo, mwenye mgongo huo, ndiye tunamuulizia kama atawezana na chakula cha bahari.

Tunamuulizia, nimesema. Sijakosea. Kwa sababu mhudumu aliponiuliza kama wamletee mama uma, unajua nilijibu nini? “Ndiyo, asante.” Nilijibu haraka, nikitabasamu, nikitazama meza ya jirani. Mimi, niliyekulia kwenye sinia moja na mama huyu, ananimegea samaki na kuniondolea miiba.

Uma ukaja umefungwa kwenye kitambaa. Mama akautazama, akanitazama mimi, akaushika. Akachoma nigiri ya pili. Ikavunjika, wali huku, samaki kule, punje zikamwagika kwenye mtandio. Akaanza kuziokota moja moja. Binti yangu akaona, akaweka vijiti vyake chini bila kusema neno, akachukua nigiri kwa mkono. Mdogo wake naye, kwa mikono yote miwili. Baba yao, ambaye alikuwa anateseka na vijiti tangu tulipokaa, akashukuru Mungu na kufuata. Mimi nilikuwa wa mwisho.

Bili ilikuja shilingi 264,000. Mama hakuelezwa.

Alirudi Jambiani Alhamisi. Vijiti vyake, ambavyo hakuvigusa siku ile, kumbe alivitia mkobani na karatasi yake. Jana nimempigia kumuuliza macho yanaendeleaje, akaniambia macho hajambo, na vile vijiti anageuzia vitumbua, ni virefu, mafuta hayamrukii. Ila kimoja kimeshaungua ncha, anauliza tutakwenda tena lini.