Bwawa liko Capripoint, mtumbwi uko Kayenze

Tuseme kuna mtu ana mtaji wa kufungua shule tatu za kuogelea mkoani Mwanza: jina moja, mtaala mmoja. Aziweke wapi? Dalali wa viwanja atamjibu kabla hajamaliza kuuliza: Capripoint na Isamilo, mitaa ya wenye nacho jijini, na nyingine Ilemela upande wa uwanja wa ndege. Kibiashara dalali hajakosea.

Marekani biashara hii imekomaa. Goldfish Swim School ilianza mwaka 2006 mjini Birmingham, jimbo la Michigan, na sasa ina matawi zaidi ya 100. Michigan inapakana na maziwa manne kati ya yale makuu matano ya huko, lakini matawi hayakufuata maziwa. Yalifuata vitongoji vya wenye magari na kipato, na Birmingham yenyewe ni kitongoji cha wenye nacho nje ya Detroit. Bwawa liko ndani ya jengo, maji yamepashwa hadi nyuzi 32, mwalimu mmoja anashika watoto wanne kwa nusu saa. Mzazi hataendesha gari saa nzima kwa somo la dakika 30, kwa hiyo tawi linamfuata alipo.

Mantiki hiyo haina ubaya. Bwawa linakula fedha hata siku lisipoingiwa na mtu: umeme wa pampu, klorini, mlinzi, mwalimu. La mita 25 kwa 10, kina cha wastani mita 1.4, linameza lita 350,000. Lipeleke mahali ambapo ada inatokana na mafungu ya dagaa, bila mtu mwingine wa kuchangia, na mwaka hautaisha kabla vyura hawajahamia humo.

Shida ni kwamba wanaokufa maji hawaishi Capripoint. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, zaidi ya tisa katika kila kumi wakiwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwetu tunakumbuka majina makubwa: MV Bukoba, Mei 21, 1996, MV Nyerere, Septemba 20, 2018, iliyopinduka ikikaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara, Ziwa Victoria, na kuua watu 228. Lakini sidhani misiba hiyo ndiyo ichore ramani ya shule. Aliyenaswa ndani ya chombo kilichopinduka haokolewi na ufundi wa kuogelea. Dawa yake ni ukaguzi na kuhesabu abiria. Ramani ichorwe na vifo vya mmojammoja visivyotangazwa: mvuvi wa dagaa aliyeteleza usiku akivuta nyavu, mtoto aliyetumwa maji, abiria wa mtumbwi uliopigwa na wimbi ukitoka Kayenze kwenda visiwani.

Watu wa mbali na ziwa hushangaa kusikia kuna mvuvi mzoefu asiyejua kuogelea. Mimi nimeacha kushangaa. Ziwani kuna mamba na viboko. Mama mwenye akili humkataza mtoto kuchezea maji, na mtoto mtiifu anakua hajui kuogelea. Anayejua ni yule mtukutu aliyejifunza kwa kukumbatia dumu tupu la lita 20.

Basi wafundishwe ziwani, bure? Bangladesh, mpango wa SwimSafe umefundisha watoto kwenye mabwawa ya vijijini kwa kujenga jukwaa la mianzi majini. Nungwi, Unguja, Panje Project imefundisha baharini. Mifano mizuri, ila anayeihamishia Mwanza kama ilivyo amesahau kichocho. Bahari haina konokono wa kichocho, na Bangladesh ugonjwa huo si tatizo. Konokono wetu wanapenda maji tulivu yenye magugu kando ya ziwa, palepale ambapo mwalimu angetaka kuwaweka wanaoanza, na vimelea hupenya ngozi ndani ya dakika chache.

Wapo wanaojibu kwamba watoto wa mialoni, zinakotia nanga mitumbwi ya wavuvi, tayari wanaoga na kufua humo, na shuleni wanapewa praziquantel, dawa ya kichocho. Saa moja zaidi itaongeza nini? Hoja ina uzito, na mimi mwenyewe niliishikilia kwa muda. Iliyonitoa huko ni tofauti hii: mtoto kuingia ziwani kwa sababu nyumbani hakuna bomba ni jambo moja, mwalimu kumpanga mstari na kumwingiza kwa filimbi ni jingine. Huyu wa pili amemchagulia.

Wanaobishana mjini au mwaloni wamelisahau bwawa lenyewe. Kujifunza kuelea, kugeuka chali na kusogea hadi kushika kitu hakuhitaji mita 25. Bwawa la mita 12 kwa 6, kina mita moja, ni lita 72,000 tu, kama moja ya tano ya lile la kwanza. Hilo linaweza kukaa uani kwa shule ya msingi na kutumiwa kwa zamu na shule za jirani. Basi la kuzoa watoto kuwaleta mjini linaweza kuwafaa wa Igombe. Wa Ukara halifiki. Hata daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa 2025, limeisogeza Sengerema, si visiwa.

Ningeweka la kwanza Kirumba au Nyakato, daladala zinakopita mchana kutwa, lilipishe ada kamili. La pili Kayenze, lilishwe na la kwanza. La tatu Nansio, kisiwani Ukerewe, na hapo nakiri mkono unasita, kwa sababu kila fundi wa pampu na kila dumu la klorini litavuka ziwa.

Mpango wangu una tundu, tena kubwa. Goldfish imekua kwa kuuza haki ya jina, kila mwekezaji na tawi lake. Kwa mtindo huo mwenye Kirumba hana sababu ya kumlisha mwenye Kayenze. Matawi yote matatu yawe mfuko mmoja, na mwenye mfuko akubali kukua polepole kuliko mshindani atakayefungua Isamilo na kuishia hapo.

Na wavuvi wazima? Kwao ratiba ina uzito kuliko kiwanja. Dagaa huvuliwa kwa taa, gizani. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika mwaloni siku kadhaa. Mwalimu wa Kayenze akipanga madarasa yao ya jioni kwa kalenda ya mwezi badala ya ile ya shule, atawakuta wamekaa wanashona nyavu.