Nani Alilipa Tiketi ya Mheshimiwa na ya Karani Wake?

Sisi wa Mombasa tumezoea kuwaona waheshimiwa wakija kamati kwa kamati kujifungia katika hoteli za Nyali na Shanzu kuandika ripoti. Safari ikigharimiwa na umma, matumizi yake hatimaye hujitokeza katika ripoti za Msimamizi wa Bajeti, na barazani husemwa sana. Ikigharimiwa na kampuni au shirika, kimya hutanda, kwa kuwa mlipa kodi hakutozwa kitu. Nionavyo, ni hiyo ya pili inayostahili kuulizwa zaidi, na wanaodai itangazwe hawastahili kuitwa wachochezi.

Wanaopinga wana hoja nzito. Mwakilishi wadi anayepitisha sheria ya taka bila kuona jinsi mji mwingine unavyozizoa huamua kwa kukisia, na mwenyeji akimlipia, kaunti imeokoa fedha. Wanahofia pia kwamba jina likishatangazwa, hukumu itatangulia maelezo, na mashirika madogo yenye nia njema yatakoma kualika. Kwa siasa zetu zilivyo, hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, ziara ya kazi hujitetea yenyewe pale ratiba, gharama na jina la mlipaji vinapowekwa wazi. Inayodhurika ni ile isiyo na ratiba.

Kifungu cha 76 cha Katiba ya 2010 kinasema zawadi anayopewa afisa wa dola, wakiwemo wabunge na wawakilishi wadi, katika hafla ya umma au ya kikazi ni zawadi kwa Jamhuri, nayo ikabidhiwe dola isipokuwa sheria imeruhusu vingine. Saa ya mkononi inakabidhika. Safari, je? Ikishaliwa imeliwa, na kinachobaki ni shukrani moyoni mwa aliyesafiri. Wahenga wa pwani walilijua hilo waliposema mla cha mwenziwe na chake huliwa. Kwa kuwa haiwezi kurudishwa, njia iliyobaki ni kuitangaza.

Wasaidizi ndio wanaosahauliwa zaidi. Mbunge huisoma ripoti; karani wa kamati na mtafiti ndio wanaoiandika, na neno moja katika kifungu kidogo cha mswada laweza kumnufaisha mwenye kampuni kuliko hotuba ya saa nzima. Mwaka 2002 Bob Ney, mbunge wa Ohio nchini Marekani, alikwenda Scotland kucheza gofu kwa mpango wa Jack Abramoff, mshawishi aliyelipwa na wateja ili awavute wabunge upande wao. Mwaka 2006 alikiri makosa, likiwemo la kutoa taarifa za uongo kwa Bunge, na aliyekuwa mkuu wa wafanyakazi wake akakiri mashtaka yake mwaka uliofuata. Wapo wanaoutaja mkasa huo kuonyesha kwamba fomu ya kutangaza safari haimzuii mwongo. Ni kweli haimzuii, ila humlazimisha kuuandika uongo wake na kuutia saini, na maandishi hayo ndiyo yaliyotumika kumshtaki.

Baada ya kashfa hiyo kanuni zilikazwa mwaka 2007. Katika Baraza la Wawakilishi la huko, mbunge na mfanyakazi wake huomba idhini ya kamati ya maadili kabla ya kuondoka, kisha hutangaza safari ndani ya siku 15 baada ya kurejea. Siku hizo 15 ndizo ninazozitamani kuliko jambo lingine lolote. Sheria yetu ya Mgongano wa Maslahi, iliyotiwa saini Julai 2025, inawagusa watumishi wa umma kuhusu zawadi, lakini zawadi iliyoandikwa katika daftari la ofisi bado haijamfikia mpiga kura. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa mwananchi haki ya kuomba taarifa. Haki ya kuomba humfaa anayejua tayari kwamba safari ilikuwepo, naye mkaazi wa Likoni atajuaje, ikiwa mswada wa ada za bandari utapigiwa kura wiki ijayo na kamati ilirejea jana?