Nyimbo Zake Nimezitoa Kwenye Flashi

Jumamosi moja nilikuwa napiga muziki kwenye arusi huko Katuba, hapa Lubumbashi. Nilipoweka wimbo wa Koffi Olomide, staa wetu wa Kongo, wamama waliinuka wote, vitambaa mkononi. Mpwa wangu, anayenisaidia kubeba nyaya, akachomoa spika ya upande wake. "Mjomba, huyu hapana." Nikairudisha, aliyelipa ni bwana arusi. Lakini usiku, tukikunja nyaya, tulibishana kama nyimbo za mtu aliyeshtakiwa zipigwe, mpaka mlinzi wa ukumbi akatutoa.

Nilishika Katiba ya Kongo, kifungu cha 17: mtu hana hatia mpaka hukumu ya mwisho. Akaniuliza, "Na lile teke la Nairobi?" Hapo nilinyamaza. Ni Julai 2016, uwanja wa ndege, Koffi alimpiga teke mcheza shoo wake mwenyewe, na video tuliiona sote. Kenya ikamrudisha nyumbani. Jambo umelishuhudia kwa macho yako, halafu unamngojea jaji?

Ya Ufaransa ni mengine. Mwaka 2019 mahakama ya Nanterre ilimtia hatiani kwa kosa la kingono dhidi ya mcheza shoo aliyekuwa bado mtoto. Desemba 2021, Versailles, mahakama ya rufaa ikamfutia mashtaka hayo ya kingono, ila ikamkuta na hatia ya kuwafungia wacheza shoo ndani: miezi 18, kifungo cha nje. Kwenye WhatsApp mara ya kwanza alikuwa shetani, mara ya pili malaika. Ile miezi 18 hakuna aliyeifowadi.

Kinachoniudhi hasa ni sisi. Pale Kenya (komini yetu ya hapa Lubumbashi, si ile nchi), kijana akishukiwa kuiba simu hakuna anayekumbuka kifungo cha 17. Tairi linafika kabla ya polisi. Staa akishtakiwa, ghafla sote ni waadvoka. Na msichana aliyeshtaki? Tunauliza tu nani kamtuma.

Basi nyimbo nimezitoa, kwa ajili ya teke na ile milango iliyofungwa. Flashi ni yangu, sijamfunga mtu. Mbakaji sijamwita wala sitamwita, maana rufaa haikusema hivyo. Mpwa wangu anaona nimeishia nusu ya njia. Mteja akija na flashi yake naichomeka, na mpwa wangu anatoka nje na Fanta yake mpaka wimbo uishe. Jumamosi iliyopita alitoka mara tatu, na mara ya tatu bibi arusi alimfuata.