Kabla ya kuuza ng'ombe: protini za damu na saratani ya ini

Mgonjwa wa saratani ya ini anayeshuka kwenye feri ya Nansio, kisiwani Ukerewe, kuja hospitali ya Bugando hapa Mwanza, mara nyingi ameshapita kwa waganga wawili watatu. Tumbo limejaa maji, macho ya njano. Nyuma yake wanafuata kaka na shemeji wenye swali wasilolitamka mbele yake: tuuze ng'ombe au tusiuze?

Kwa hiyo wanaosaka protini za damu za kubashiri muda atakaoishi mgonjwa hawafanyi kazi bure. Inayojulikana zaidi ni AFP. Ini la mtoto aliye tumboni huitengeneza kwa wingi, akishazaliwa hupungua hadi karibu kutoweka, kisha saratani huiamsha tena. Kwa mwenye saratani ya ini, ikivuka nanogramu 400 kwa mililita, hali kwa kawaida si nzuri. Tatizo, wapo ambao uvimbe wao hauitoi kabisa. Ndiyo maana siku hizi watafiti hupima protini nyingi kwa mpigo, kompyuta ikazijumlisha kuwa alama moja.

Lakini alama hiyo itatufaa nini? Utafiti uliochapishwa 2017 kutoka hospitali za nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulikuta kwamba ukiitoa Misri, nusu ya wagonjwa hawakufika hata miezi mitatu tangu wagundulike. Misri ilikuwa karibu miezi 11. Wamisri waligundulika mapema zaidi na wengi zaidi walipata tiba. Huko alama inaweza kusaidia kuamua nani apasuliwe, nani apewe dawa. Huku inamtenga wa miezi miwili na wa miezi minne, basi.

Hata hivyo shemeji angeitaka, na simlaumu. Ng'ombe wakishauzwa hawarudi.

Wasiwasi wangu ni damu iliyotumika kuzitengeneza alama hizi: sehemu kubwa ni ya wagonjwa wa Asia, Ulaya na Marekani. Ini la mtu wa ziwani huenda limebeba homa ya ini B tangu utotoni, sumukuvu ya mahindi na karanga, na juu yake kichocho. Alama ipimwe kwanza kwa damu ya huku.

Kwa sasa ningeanza na albumini, protini ambayo ini lenyewe hutengeneza na maabara nyingi za hospitali hupima. Tangu 2015 kuna alama ya ALBI, inayotumia albumini na bilirubini (ile rangi inayofanya macho yawe ya njano) pekee kuonyesha ini limebakiwa na nguvu kiasi gani. Nayo ina dosari, maana njaa na magonjwa mengine pia hushusha albumini.

Na majibu yakitoka, anaambiwa nani? Kwetu kaka mkubwa huitwa pembeni, wakanong'onezana na daktari koridoni. Mgonjwa yuko kitandani, na ng'ombe ni wake.