Neno lenye kesi Ufaransa, na askari wetu wasiohesabiwa

Juzi kazini, wakati wa mapumziko, kijana mmoja wa zamu yetu aliwazungumzia wale waliomwaga damu Paris tarehe 13 Novemba 2015. Akasema, "Wale walikuwa wanaume kwelikweli." Mzee wa Kifaransa aliyekaa kando yangu akaweka kikombe chini. "Neno hilo lina kesi," akamwambia, wala hakupaza sauti. Kijana akainama, akaomba radhi.

Mwaka wa tisa huu niko Ufaransa, na siku hiyo nilifurahi. Nilifurahi kwa sababu ya Garissa, kwetu Kenya, ambako Al-Shabaab walivamia chuo kikuu Aprili 2015. Mtoto wa jirani yetu alitoka nyumbani na begi la vitabu akarudi ndani ya sanduku, mmoja kati ya watu 148. Matanga hayajaisha, nikaona kwenye simu watu wakiwaita wauaji wake mashujaa. Mama yake pia aliyaona. Kwa hiyo msiniulize kwa nini moyo wangu ulitulia mzee yule aliposema alichosema.

Huku kusifu ugaidi hadharani ni jela hadi miaka 5 na faini hadi yuro 75,000. Ukisifu mtandaoni, miaka 7 na yuro 100,000. Kosa hilo liliingizwa katika kanuni za adhabu kwa sheria ya tarehe 13 Novemba 2014, mwaka mmoja kamili kabla ya usiku ule uliowaua watu 130.

Najua mtakachosema. "Huyu wa majuu ameanza tena, kila cha Wazungu ni kizuri." Hapana, ndugu zangu. Kwanza, sheria kama hiyo hata sisi tulikuwa nayo. Mnaikumbuka Desemba 2014, siku wabunge walipopigana na kumwagiana maji Bungeni? Ndani ya mswada ule wa usalama waliokuwa wakiugombania mlikuwa na kifungu cha miaka 14 jela kwa yeyote atakayetoa kauli inayoweza kueleweka kuwa inahimiza ugaidi, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Februari 2015 Mahakama Kuu ikakitupa, pamoja na vingine. Wiki chache baadaye ikaja Garissa, nami nikawakasirikia majaji wale kama waliofungua lango.

Hasira hiyo ilinitoka Januari 2016, kwa sababu ya El Adde. Kambi ya wanajeshi wetu ilivamiwa Somalia na vijana wetu wakauawa, halafu Serikali ikakataa kututajia idadi. Mwandishi wa habari aliyeandika mtandaoni kuhusu waliouawa akakamatwa. Hakumsifu gaidi hata mmoja. Alikuwa anatuambia nani amekufa! Kosa walilomtafutia lilikuwa kutumia vibaya chombo cha mawasiliano, nacho kifungu hicho kikaja kufutwa na mahakama miezi michache baadaye. Sasa fikirini wangekuwa na kile cha miaka 14 mkononi. "Inayoweza kueleweka." Kueleweka na nani? Na OCS, mkuu wa kituo cha polisi?

Na kabla ya hapo kulikuwa na Mpeketoni, mji wetu wa pwani ulioshambuliwa Juni 2014. Zaidi ya watu 60 waliuawa, Al-Shabaab wakajitokeza wenyewe kusema ni sisi, naye Rais akasimama kwenye runinga kusema si wao, ni mitandao ya kisiasa ya hapohapo. Mwananchi wa kawaida angekanusha hivyo mbele ya wafiwa wa Mpeketoni, tungemwitaje?

Mwingine ataniambia Wafaransa nao si malaika. Kweli, na sitawatetea. Januari 2015, mjini Nice, polisi walimhoji mtoto wa miaka 8 kwa maneno aliyoyasema shuleni. Mtoto wa darasa la tatu! Hiyo ni aibu, na ndiyo inayonitia hofu kwamba hata huku sheria hii ina mikono mirefu kupita kiasi. Lakini huku, kabla ya kumwambia kijana neno lako lina kesi, waliwataja wafu wao. Kesi ya mashambulizi ya Paris ilisikilizwa kuanzia Septemba 2021 hadi Juni 2022, wafiwa na walionusurika wakasimama mmoja mmoja wakasema. Ndiyo maana yule mzee ana ujasiri wa kumnyamazisha mtu. Kwetu tunaanza na kunyamazisha.

Sisemi haya kwa dharau. Majaji wetu waliona mbali kuliko mimi, na najivunia nchi yenye mahakama inayoweza kumwambia Rais hapana.

Tulipokuwa tunatoka, mzee aliniuliza kwetu mambo haya yakoje. Nikamsimulia Garissa, nikamtajia 148. Nikamsimulia El Adde pia. Akauliza, "Na pale walikufa wangapi?" Nikasimama mlangoni na koti mkononi, sina idadi ya kumpa.