Mjomba Kalipwa Mara Ishirini na Saba

Kwa kuwa kuna rafiki yangu (anajijua, na hapa anasoma) ameshasambaza kwenye magrupu kwamba nimegawa mabilioni ya korosho Tandahimba, acheni nisimulie mwenyewe kabla haijafika Lindi. Hakuna shilingi ya ziada iliyotoka kokote. Zilizotoka ni meseji.

Kazi yenyewe mnaijua: mnada ukipita na hela zikiingia benki, mfumo unamtumia kila mkulima wa chama cha msingi meseji moja. Moja! Nimeuandika kwa Node.js (chombo cha kuendeshea programu za JavaScript), meseji hazisubiriani: hii haijajibiwa, ile nayo inatoka, mamia kwa mpigo. Isiyojibiwa ndani ya sekunde 3 inatumwa tena. Sasa siku ile msambazaji wa SMS, yaani kampuni inayotufikishia meseji kwenye simu za watu, alikuwa anapokea kila kitu vizuri tu, ila kusema "nimepokea" kunamchukua sekunde 5. Kwetu sisi hiyo imefeli, rudia.

Na mimi wala sikuwa Mtwara Mjini. Nilikuwa huko huko kijijini chini ya mwembe, nimechomekea, kipaza sauti mkononi, nawaeleza wakulima jinsi mfumo usivyokosea. Mstari wa mbele kakaa mjomba wangu. Watu wa kusini wanaelewa mjomba ni nani kwetu; nyie wengine chukueni baba mkali, mzidishe kwa mbili.

Hapa twende polepole, maana ndipo paniumapo.

Simu ya mjomba, kile kitochi chenye mlio wa kuamsha kijiji, ikalia. Akaisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti: "Ndugu mkulima, malipo yako Sh 1,240,000 yameingia benki." Makofi. Nikainama kidogo kama mbunge. Ikalia tena. "Ndugu mkulima..." Mjomba akanitazama kwa upendo ambao sijawahi kuupata tangu jandoni. Ikalia tena. Na za nyuma nazo zikaanza, moja moja, kisha uwanja mzima ukawa kama vyura baada ya mvua. Mama mmoja akapiga kigelegele. Kijana wa bodaboda akafungua kalkuleta. Mjomba alishaacha kusoma, anahesabu kwa vidole. Vikamwishia, akaazima vya jirani.

Nikafungua laptopu juu ya gunia, nikazima seva, nikasimama: "Ndugu wakulima, nimezima."

Ti.

Ti ti.

Seva ilizimika kweli, lakini meseji alizokwishapokea msambazaji zilikuwa njiani, hazinijui wala hazinisikii. Kila nikifungua mdomo kusema "hazitakuja tena", inaingia nyingine. Mwenyekiti wa chama akaninong'oneza: "Mwanangu, hebu nyamaza. Labda unaziita wewe."

Mafundi, msihangaike kuuliza, jibu ni 27. Programu yangu ilikuwa inatuma mara 3. Laibrari iliyo chini yake, yaani programu ya wengine niliyoiazima, nayo bila kuombwa inatuma mara 3 kwa kila mara. Na foleni ya kazi niliyoachiwa na fundi aliyenitangulia inaiendesha kazi nzima mara 3. Tatu mara tatu mara tatu, kila mmoja anajiona mchapakazi peke yake. Hesabu ya mjomba ilikuwa fupi zaidi: Sh 33,480,000. Bei ya pikipiki alishapatana na yule kijana.

Mengine nayapitisha mbio. Benki wakasema malipo yameingia mara moja tu, kijana akabaki na pikipiki yake. Nimeacha tabaka moja tu la kurudia, nalo linangoja sekunde 1, kisha 2, kisha 4, na kuongeza sehemu ya sekunde kwa bahati nasibu ili meseji zisirudi zote kwa pamoja. Kila meseji ina namba yake, msambazaji akiiona mara ya pili haitumi. (Wewe unayeandika "kwa nini haikuwepo tangu mwanzo", kula korosho zako.)

Ila kabla ya matengenezo hayo, jioni ile ile, niliwatumia wote meseji ya kuomba radhi. Kwa woga nikafunga marudio yote: itoke mara moja, basi. Na mtandao wa jioni wa kule mnaujua.

Asubuhi mjomba kanipigia. "Wewe! Za uongo zimekuja ishirini na saba. Hiyo ya kweli iko wapi?"