Gia ya Kukaanga

Mashine ya kukamulia mawese ya jamaa mmoja wa Ujiji ilitafuna gia, akatuletea vipande karakanani Mwanga ndani ya mfuko wa rambo. Meno 20, moduli 3, yaani kipimo cha ukubwa wa jino. Fundi akasema ni kazi ya asubuhi tu, na Fundi akishasema mbele ya mteja harudi nyuma hata reli ikimwishia.

"Lete kisu namba 6, hicho ndicho cha gia za meno 17 mpaka 20."

Nikaleta, kisu cha duara chenye meno yake pembeni. Ubavuni kimeandikwa 35–54.

"Walioandika walikuwa wamelewa."

Kumbe yeye alijifunzia visu vya inchi, na vya moduli mara nyingi huhesabiwa kinyume: 6 ya kule ni 3 ya huku. Alikubali baada ya kuazima miwani ya mteja.

Namba 3 ikafungwa kwenye shafti ya mashine yetu ya kuchongea, nati ikakazwa mpaka spana ikalia. Mafuta ya kukatia yalikuwa yameisha, mteja akajitolea dumu la mawese yake. Mimi kazi yangu kumwagilia. Kisu kikagusa chuma, na badala ya chembe ukatoka moshi! Kilikuwa kimevalishwa kinyume: makali yanatazama nyuma, migongo ya meno inasugua tu. Harufu ikashika mtaa.

Mama ntilie wa jirani akatokea na upawa. "Nani kafungua kibanda bila kuniambia?"

"Shikamoo mama, tunachonga gia."

"Marahaba. Mnachonga kwa mawese?"

Fundi akafungua nati kimyakimya, akageuza kisu. Wakati huohuo mpwa wake, kijana mwenye moyo wa kusaidia ambao haujawahi kumfaa mtu, akaenda nyuma ya mashine akazungusha swichi, mota izunguke upande wa pili. Kila mmoja akabaki na werevu wake. Mashine ikawashwa.

Moshi tena, safari hii mweusi. Mama ntilie akakaa kabisa kwenye ndoo, kama yuko arusini.

Swichi iliporudishwa, chuma kikakatika vizuri: kina milimita 6.75, mkono wa kigawanyio, kile kifaa cha kugeuza gia jino kwa jino, mizunguko 2, jino linalofuata. Asubuhi ya Fundi ikaishia magharibi.

Mteja akaigeuza gia mikononi, akainusa.

"Hii nikaifunge kwenye mashine au niile na ugali?"

"Lipa kwanza," Fundi akasema. "Utaamulia nyumbani."